Kandambili ya Waya Mwekundu

"Shangazi, hiyo imeshatakata! Unataka kuitoboa?" mwoshaji mwenzake alimtania.

Shangazi aliigeuza kandambili, akaukagua mkanda, ndipo akaitupa kwenye kapu la wachongaji. Karakana nzima iliishi kwa kandambili zilizotupwa: zilioshwa, zikagundishwa, zikachongwa vinyago na vifuniko vya taa vya kupendeza. Bosi alimsifu kwa bidii. Bidii gani! Mwanamke alikuwa akimtafuta mumewe.

Mwaka juzi mafuriko yaliwazoa wachimba mchanga mtoni, mumewe akiwa mmoja wao. Wenzake wote walipatikana. Yeye, hata kofia haikuonekana. Mtoto hawakujaliwa, kaburi hakuna. Lakini asubuhi ile alitoka na kandambili za kijani, na ile ya kulia mkewe alikuwa ameikaza mkanda kwa waya mwekundu, akimtania, "Hata ukipotea, nitakutambua kwa miguu."

Ndiyo maana Shangazi alikataa kupandishwa cheo kwenda chumba cha rangi. Kila gunia la kandambili za mtoni lilipitia beseni lake kwanza.

Fundi wa taa alimposa, akamposa tena.

"Ngoja kwanza nimzike," alimjibu. "Hata kama ni kipande cha plastiki."

"Mpaka lini? Subira yavuta heri, lakini nayo huzeeka."

Juma lile mvua ikakata njia ya mtoni. Ili kazi isilale, bosi akaagiza magunia ya jalala la mjini. Shangazi akaosha kwa mazoea tu, moyo wake haupo.

Ndipo vidole vikakwaruzwa na waya.

Yowe alilopiga! Misumeno ikazimwa. Fundi wa taa akaja mbio, akaiona rangi ya kijani, akauona waya mwekundu, akavua kofia. Shangazi alilia mpaka akacheka, kandambili ameikumbatia kifuani. Hatimaye! Kesho watachimba kaburi, na akishatua mzigo huo atamjibu fundi wa watu.

"Niletee maji safi," alimwambia. "Simziki mume wangu na uchafu. Na ya pili lazima imo humu."

Akatia mkono guniani, akapapasa, akaivuta: ya kijani, ya kushoto.

Mkanda wake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa pinki ambao bado haujapauka, na kwa uzi uleule ilikuwa imefungwa pamoja na kijikandambili cha mtoto anayeanza kutembea.