Sauti Isiyofutika

Mkono wa kushoto wa Piusi ulikuwa mfukoni, na haukuwa na ruhusa ya kutoka. Wa kulia ndio uliokuwa ndani ya tumbo la mashine, umeshika bisibisi.

"Siku hizi hata kazi unafanya kwa mkono mmoja?" aliuliza Marsela, mkewe, akipita na ndoo ya maji.

"Umeme ukiingilia mkono huu na kutokea ule, unapita moyoni," Piusi alijibu taratibu. "Mmoja ukiwa mfukoni, hauna pa kupita."

"Usihofu, Baba Germana. Moyo wako haukushtuka hata siku ya harusi."

Piusi hakubisha. Hakuwa na cheti cha ufundi cha kubishia. Alichokuwa nacho ni kovu la kuungua kwenye kidole gumba, kitabu cha redio kilichopotelewa na kurasa za mwanzo, na sifa hapo Karatu ya kuitengeneza redio ya katekista vizuri sana, hata tangu siku hiyo haikushika tena stesheni yoyote ila ya Burundi.

Mashine yenyewe ilikuwa rekoda ya zamani, ya magurudumu mawili ya mkanda, mapana kama sahani, na uzito wake kama mbuzi aliyeshiba. Mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya masimulizi ya wazee aliiacha kule Nainokanoka, kijiji cha Wamaasai, pamoja na mkanda mmoja. Nosim, mjane wa huko, ndiye aliyeileta kwa lori la mahindi siku ya mnada, imefungwa kwenye shuka.

"Mzee wangu yumo humo," alisema siku ile. "Chombo kimekufa, yeye kabaki ndani. Nataka kizunguke tena."

Piusi alimuuliza jina la marehemu. Nosim alitazama pembeni. "Aliyelala haitwi jina," alisema. Piusi akajilaumu: mtu ana msiba, wewe unamhoji kama karani.

"Sauti bado ipo?" Nosim aliuliza mwishowe. "Haijachoka?"

"Sauti ya mkanda haichoki, yeyo," alisema Piusi, akimheshimu kwa kumwita mama kwa Kimaasai. "Ikitunzwa, hata wajukuu wa wajukuu wataisikia."

Mama yule alishusha pumzi ndefu. "Wajukuu wa wajukuu," alisema polepole.

Piusi aliona amemfariji, akafurahi moyoni.

Basi akaishika kazi ile kama hajawahi kushika nyingine. Mkanda aliufungia kabatini, mbali na jiko na mbali na sumaku za spika, maana ulikuwa huo huo mmoja. Ukiharibika, mzee wa watu kafa mara ya pili, na safari hii muuaji anajulikana. Waya wa umeme ulikuwa umekauka, mpira wake unabanduka kama ganda la muhogo. Akauvua wote, akaweka mpya na fyuzi mpya. Zile kapasita kubwa, ambazo hukaa na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, alizimaliza nguvu kwanza kabla ya kuzigusa. Kovu la kidole gumba lilitokana na siku ambayo hakufanya hivyo. Swichi ya volti aliikuta kwenye mia na kumi, akaisogeza hadi mia mbili na thelathini, halafu akawa anarudi kuitazama kama mtu asiyeamini kwamba amefunga mlango.

Siku ya kujaribu alivuta umeme kutoka jenereta ya jirani mwenye mashine ya kusaga, akaupitisha kwanza kwenye balbu. Kukiwa na hitilafu, balbu ingewaka sana badala ya rekoda kuungua. Balbu ikawaka, ikafifia. Hakuna moshi. Marsela, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya mchanga, alionekana kama mtu aliyenyimwa sherehe.

Kwa tahadhari, Piusi hakuweka mkanda wa Nosim. Aliazima wa kwaya ya kigango. Kisha, kwa tahadhari hiyo hiyo, akabonyeza kitufe kisicho chenyewe, cha kurekodia. Wimbo ulipopigwa tena, ubeti wa pili wote haukuwapo. Mahali pake mwanamume mmoja alikuwa akiuliza, "Marsela, ile bisibisi ndogo umeikalia?"

Marsela alicheka mpaka akakaa chini. Piusi alitoka jasho. Je, ungekuwa ule mkanda mwingine? Akachomoa plagi, akatia mkono mfukoni, akazikata nyaya za kurekodia na za kufutia, zote.

Mnada uliofuata Nosim alirudi. Piusi akautoa mkanda kabatini, akaupitisha mahali pake, akawasha. Magurudumu yakazunguka. Sauti nzito ikatoka, ikizungumza Kimaasai bila haraka, ikakohoa, ikaendelea.

Nosim alijifunika uso kwa shuka.

"Ndiye," alisema. "Zima."

Piusi alizima, machozi yakimlengalenga yeye mwenyewe. Hakukumbuka ni lini kazi yake ilimliza mteja kwa sababu njema. Sasa ilibaki ile zawadi ambayo hakuombwa, na hakuweza kuificha zaidi.

"Na hatapotea tena, yeyo. Nimezikata nyaya za kufutia. Hata mtu akibonyeza kwa makosa, mzee hatoki humo."

Nosim aliteremsha shuka.

"Ziunganishe, fundi," alisema. "Mkanda niliogopa kuuchoma, nisije nikamchoma yeye. Nimekuja umfute polepole, akalale na wenzake."