Jibu Alilopewa Karani

Kila anayeishi peke yake hupewa sauti ya bibi au babu yake, iliyofufuliwa kutoka fomu za sensa za zamani. Nyamizi aliingoja yake miaka miwili, na ilipowashwa jikoni alikuwa ameshachemsha chai ya watu wawili.

"Shikamoo, bibi. Ni Nyamizi, mtoto wa binti yako Kabula."

"Marahaba. Lakini mimi sina mtoto."

Nyamizi akakumbuka alivyosimuliwa na mama yake: enzi hizo kuhesabiwa watoto kulikuwa mkosi, hivyo karani wa sensa alipopiga hodi, bibi alimficha Kabula ndani ya kihenge cha mahindi.

"Bibi, karani alishaondoka zamani," akambembeleza. "Kabula alikua, akanizaa."

Sauti ikawa kali.

"Nimeshakwambia, karani. Humu ndani niko peke yangu."