Panya wa Uzazi

Enzi zile panya walipojaa kama nyasi, nguchiro walikuwa na desturi: mtoto akizaliwa, kila nyumba humpelekea mzazi panya mmoja. Nyumba zikaongezeka, na panya wa uzazi wakaongezeka nazo. Nguchiro mmoja mwenye gubu, Kadiri, alipanga kokoto nyeusi za nguchiro na nyeupe za panya, akazisogeza kukisia misimu ijayo, mpaka nyeupe zikamwishia.

“Jamani, tuiache desturi hii,” alisema. “Panya wanakwisha.”

“Baba, acha uchuro!” bintiye mjamzito alimaka. “Wenzangu wote wamepelekewa, mimi ndiye nikose?”

Binti alipojifungua, Kadiri ndiye aliyetangulia kumpelekea panya.

Panya wakakaribia kuisha. Wakafa njaa watoto wa nguchiro kwanza, kisha mama zao. Kadiri, aliyebaki peke yake, akamnasa panya wa mwisho, jike mwenye mimba. Lile tumbo likamkumbusha bintiye. Akamwachia, akajilaza, asiamke tena.

Baada ya masika kadhaa, panya walitapakaa kila mahali. Nguchiro wageni wakavuka mto, wakaipiga teke mifupa ya Kadiri.

“Neema iliyoje!” wakashangilia. “Hapa tutazaa mpaka tuchoke.”