Maneno Yapumue

"Bado yanakimbizana," alisema mama kwenye simu. "Yanakanyagana visigino. Mwanangu, shairi linataka pumzi kati ya neno na neno."

Mtengeneza tovuti akaivuta kompyuta yake karibu. Malalamiko ni yaleyale tangu asubuhi. Mama huyo, mtunzi wa mashairi, ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Walikuwa hawajaonana, jirani ndiye aliyewaunganisha, na mambo yote yakaenda kwa simu. Akimkosa huyu, atarudi kubeba magunia dukani kwa shemeji yake, na shemeji alishamtundikia aproni msumarini, kwa kejeli tu.

Akafungua faili la mitindo, pale panapoamua maneno yaachane kiasi gani. Pikseli tano akazifanya kumi na tano. Akahifadhi, akapiga simu.

"Sasa je, mama?"

"Yaleyale. Hujagusa kitu."

Hujagusa kitu! Akaweka thelathini, akaambiwa hakuna tofauti. Akaweka sitini, na roho ikamuuma kweli, maana ukurasa aliouremba kwa mapenzi yote sasa ulifanana na kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Mkewe akachungulia begani kwake. "Hii tovuti au shamba la mihogo? Kila neno na shimo lake!"

"Mteja ni mfalme."

"Mfalme huyo anakuchezea shere. Na kaka anauliza utaanza lini."

Hasira zikampanda. Akaweka mia mbili. Neno moja likang'ang'ania ukingo wa kushoto, mwenzake akahamia kulia, na ubeti wa mistari minne ukamwagika hadi chini ya kioo. Akapiga simu tena.

"Mwanangu," alisema mama, kwa upole uliozidi kumuudhi, "kama kazi imekushinda sema tu, nimtafute mwingine."

Hapo akaona liwalo na liwe. Akaitia kompyuta kwapani, akauliza njia mpaka akafika nyumbani kwa mama, akabisha hodi kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mlango ukafunguliwa. "Bila shaka wewe ndiye fundi wangu," mama alisema kabla mgeni hajajitambulisha. "Hodi yako ina hasira. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliifungua kompyuta mezani, akaigeuza imwelekee mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama. Haya, nionyeshe maneno mawili tu yanayogusana, nami nafunga virago vyangu sasa hivi!"

"Marahaba, mwanangu."

Mama hakuinama kuitazama kompyuta. Alitoa simu mfukoni, akagusa kioo chake, na sauti nyembamba ya kike ikaanza kulisoma shairi kutoka mwanzo, mbiombio, neno juu ya neno, bila kituo wala pumzi.

"Umemsikia huyo dada anavyokimbia?" mama aliuliza, huku akipapasa ukutani kutafuta fimbo yake nyeupe.