Sombe ya Bariyeri

Watu wanne waliomtangulia Ananie kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, walikuwa wamekwisha kula, na sufuria ya sombe, majani ya mihogo, ilikuwa bado imejaa. Askari alipakua tena, akapapasa bunduki yake begani, akainua sahani.

"Tonge moja tu," alisema. "Kama uko mutu wa kawaida, sombe haina shida."

Kila aliyesafiri barabara ya Butembo kwenda Beni mwaka ule alijua maana ya chakula hicho. Mai-Mai, wapiganaji wa porini, hawali sombe; ni mwiko wao. Anayekula anarudi kwenye gari. Asiyekula anapelekwa nyuma ya depo ya kahawa. Tangu asubuhi walikuwa wamepelekwa wawili, na foleni nzima ilisikia milio miwili.

Ananie hakuwa Mai-Mai. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na goti bovu. Aliyekuwa porini ni mwanawe, Mumbere. Siku kijana alipomwagiwa maji ya kuzuia risasi, mzee wa maji aliwaambia wazazi jambo moja: nyumbani lazima abaki walau mmoja wa kushika miiko pamoja naye. Asile sombe, asipeane mkono na mtu, asioge kwa sabuni. Wakiivunja wote wawili, maji yatamkauka kijana.

"Miye nitashika," Ananie alijibu palepale, yeye aliyekuwa mwinjilisti miaka kumi na minane.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuachana na kanisa. Aliliacha mwaka 2000, wiki ile risasi ilipotoboa ukuta wa mbao wa kanisa lao karibu na Rughenda na kumkuta binti yake, Christa, kwenye benchi la mbele. Ni baba mwenyewe aliyemwambia akae mbele. Christa alikuwa anaomba, mikono juu, macho yamefungwa. Mchungaji Éliakim alisema Mungu ana mpango wake. Ananie alimrudishia funguo za kanisa kabla kaburi halijakauka.

Akaenda kijijini kwa babu yake, akajenga upya kibanda kidogo cha mizimu, akaanza kumjua Mungu kwa namna nyingine. Jina lilikuwa lilelile waliloimba kanisani kwa Kinande, Nyamuhanga, lakini huyu hakuwa baba wa mtu. Aliumba milima akaenda zake. Hakuahidi kuhesabu nywele za kichwa cha yeyote. Waliokuwa karibu ni mizimu, nao hawakusema hata siku moja kwamba wanakupenda. Walisema fanya hivi, usifanye vile. Ananie alipumua. Asiyekuahidi kitu hawezi kukudanganya, na hilo peke yake lilimtosha.

Mkewe, Jokébed, alibaki na kwaya yake. Hakumgombeza mumewe, na ukimya huo ulimuuma Ananie kuliko ugomvi. Hata sombe aliacha kuipika.

"Nipike sufuria mbili sababu ya nini?" alisema, wakaendelea na maharage na ndizi. Mlangoni mwa kanisa aliwasalimu wenzake kwa kichwa tu, kutoka mbali. Ananie alijua ni haya ya kuwa na mume mpagani.

Na miiko ilifanya kazi. Mariette, mdogo wake Jokébed anayekaa Bungulu, mjini Beni, alituma habari kwamba Mumbere alionekana Mabalako, mzima, hana hata mkwaruzo. Ananie na mkewe walikuwa njiani kwenda kuisikia habari hiyo kwa masikio yao.

"Papa, ni zamu yako," askari alisema.

Ananie aliitazama sahani. Zamani angejua la kufanya. Angekula, angetubu jioni, angelala amesamehewa, kwa sababu yule wa zamani alisamehe kila kitu. Hawa wa sasa hawakuwa na neno la kusamehe. Na Nyamuhanga alikuwa mbali, kama alivyokuwa siku zote. Alitafuta moyoni mtu wa kumwomba, akakosa.

"Kula, papa Mumbere," Jokébed alimnong'oneza kutoka nyuma.

"Na mutoto?"

"Kula. Mutoto ataishi."

Dakika ile alimchukia. Ni rahisi kwake, aliwaza, bado ana wa kumkabidhi mtoto. Alitaka kugeuka amwambie kwamba Christa naye alikabidhiwa, tena kwa sauti kubwa, na kanisa zima likaitikia amina.

Askari alikohoa. Bunduki ilishuka kutoka begani.

Ananie alikula. Sombe ilikuwa na chumvi nyingi. Alimeza bila kutafuna, na machozi yakamtoka mbele ya watu, mtu mzima hivyo. Huyu ni wa pili, aliwaza, na huyu nimemuua kwa mdomo wangu. Alingoja kitu kitokee, radi, kizunguzungu, chochote cha kuonyesha kwamba kuna aliyeona. Mbuzi alilia upande wa pili wa barabara. Askari akampungia mkono apite.

Alisogea pembeni hatua moja, akamngoja mkewe.

Askari aliona kitabu cha nyimbo kwapani mwa Jokébed, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ah, mama ya kanisa. Basi wewe onja tu kidogo, upite. Ni formalité, desturi tu."

Jokébed alimpa Ananie kile kitabu akishike. Kisha akaiweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Nilikuambia ukule," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "sababu nilijua miye sitakula."