Bi Nyamizi Aingia Baharini

Hakuna anayeijua bahari kama mimi: nimezaliwa kando yake, nimezeekea kando yake, na mpaka leo maji yakinifika magotini napiga kelele. Bi Nyamizi alitoka bara, mbali huko, na bahari alikuwa hajaiona. Kila alipoomba kupelekwa, mumewe alimkatalia.

"Ujana wangu wote nimeumaliza baharini, nimeshaiona kwa niaba yetu sote. Ni maji tu."

Mwaka huu, mvi kichwa kizima, bibi akapanda basi mwenyewe. Mumewe, Mzee Lukindo, akamfuata kwa kuona haya kuachwa.

Walipofika ufukweni maji yalikuwa yamekupwa. Mzee akatandika mkeka karibu nayo kabisa, akapanga viatu vyake pembeni. "Lala, Mama Kulwa. Hapa ndipo wenyeji tunapokaa."

Bi Nyamizi alale wapi! Alikaza kanga, akaingia, akapigwa wimbi la kifua, akacheka mpaka wauza mihogo wakaacha kukaanga.

"Baba Kulwa! Maji tu hayasukumi mtu hivi!"

Mzee alikuwa keshalala. Alizinduka suruali imelowa chepechepe, maji yamemzunguka pande zote.

"Mbona yamehama?" akauliza kwa sauti.

Wauza mihogo wakatazamana. Bi Nyamizi akashika kiuno, anachuruzika maji, anang'aa kama bibi harusi.

"Baba Kulwa, ujana wako uliumalizia bahari ipi?"

"Enzi zetu," mzee akasema, "bahari ilikuwa inakaa mahali pake."

Kiatu chake kimoja kikampita taratibu, kikielea.