Mpini Uliozoea Mkono Mwingine

Sheria ilimtaka kila mtu mzima awe na bastola, na mpini wake ulijifinyanga polepole kufuata mkono unaoushika mara kwa mara. Kwenye mtihani wa shabaha, Mwanaidi alikuta mpini wake umenenepa. Vidole havikuuzunguka vizuri, na kila risasi ilikwenda kando.

Aliporudi nyumbani alimpa mumewe, Shomari, ile bastola. "Baba Zuhura, hebu ishike."

Ikatulia kiganjani mwake bila kutikisika.

"Kumbe unaishika kila siku."

"Naifuta vumbi tu, mama Zuhura."

"Na yako unayo."

Mwanaidi akanyoosha mkono arudishiwe.

"Chakula kinapoa," Shomari akasema, akiitazama ile bastola, wala hakuiweka chini.